Misumari Miwili ya Dirisha la Kuku

Matiliku, Jumapili, alasiri

Mwanangu Ndinda, Mwaitu wangu,

Saa hii wewe na mama yako mko kanisani, mnaombewa safari ya kesho. Mimi nimebaki kwa kisingizio cha kutengeneza sanduku lako. Mama yako aliniangalia kwa lile jicho lake unalolijua. Alifunga kitambaa chake kichwani akatoka. Sasa nimeketi mlangoni, karatasi iko juu ya sanduku, na penseli nimeichonga mara tatu kabla ya kuandika neno la kwanza.

Mambo ya sabuni, ya blanketi, na ya kutopokea chakula cha watu usiowajua garini, mama yako ameshakuambia na kesho asubuhi atakuambia tena. Mambo ya uuguzi na hospitali siyajui. Watakufundisha wenyewe jinsi ya kufunga vidonda na kushika sindano, na hapo mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na ni la wale kuku.

Najua umekunja uso. Katika nyumba hii hatutaji kuku. Matiliku nzima watu wanawakanyaga kuku uani, sisi tukitaka yai tunaomba kwa jirani, na mgeni akiuliza, mama yako husema kwamba kuku hawatupendi. Huu ni mwaka wa kumi tunaishi hivyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kuandika nilifundishwa jeshini, na mkono wangu haujazoea lugha nyingine. Tena ni afadhali. Kwa Kikamba ningeanza kuzunguka, ningetia utani hapa na pale, na mwisho ningejikuta nakueleza habari za mvua.

Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa katika mwaka wa tatu tangu nirudi vitani, na bado nilivaa lile koti la jeshi hata jua likiwaka, ili mtu yeyote asisahau nilikotoka. Siku moja bwana shamba alisimama kwenye mkutano wa chifu pale sokoni akasema ni aibu kuku kulala ndani ya nyumba pamoja na watu. Akasema atakayejenga banda zuri, lenye madirisha, ataletewa kuku wekundu wa kizungu, wale wanaotaga karibu kila siku. Watu walicheka sana. Nyumba zetu wenyewe wakati ule hazikuwa na madirisha, seuze za kuku. Mimi sikucheka. Niliona hapo ndipo nitakapojulikana mimi ni nani.

Baba yangu, babu yako, alikuwa hai bado. Unakumbuka alivyokuwa anasuka mikufu ya waya mwembamba, ile ambayo wanawake walikuwa wakiitafuta hadi kutoka Kikima. Alinikuta nikichimba mashimo ya nguzo, akasimama pembeni.

"Wacha nikusukie waya," akaniambia. "Nitakusukia dirisha hata nyoka hapiti."

"Baba, waya ni mambo ya zamani. Mimi nataka kioo."

"Kioo! Sasa kuku anataka kuona nini huko nje? Kuku anataka kupumua."

Nilimjibu kwamba yeye hajatembea, hajaona nyumba za watu. Nilimwambia baba yangu hivyo, mbele yako. Hakukasirika. Aliokota kibuyu chake akaenda zake, na hakutaja waya tena mpaka alipofariki.

Vioo nilivitoa Mtito Andei. Rafiki yangu wa jeshini alikuwa utingo huko, na lori lao lilikuwa limegongana na kifaru wa porini barabarani. Mbele palikuwa pameharibika kabisa lakini vioo vya milango vilipona, naye akaniwekea viwili. Nilivifunga katika blanketi langu la jeshi. Nilipanda lori la mtu hadi njia panda, kisha nikatembea siku nzima nimevikumbatia kifuani, nikisimama kila mara kuangalia kama vimepata ufa. Wewe nilikuacha una miezi sita nikaenda vitani. Sikupata kukubeba hata siku moja kama nilivyobeba vile vioo.

Sitaki kuandika kana kwamba siku zile zilikuwa mbaya. Zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote na wewe. Fremu tulizitengeneza kwa mbao za sanduku la sabuni. Ulimwomba mwalimu wako vipande vya chaki, ukavisaga, mama yako akakamua mafuta ya nyonyo, na wewe ndiye uliyekanda ule unga na mafuta mpaka ukawa laini wa kushikizia kioo. Ulikuwa unabana misumari midomoni kama nilivyobana mimi, na nikinyoosha mkono bila kutazama unanipa mmoja. Dirisha la tatu, lile la upande wa mashariki, halikuwa na kioo. Lilikuwa ubao wa kufungua na kufunga, bawaba zake vipande vya tairi. Nilikuambia, "Hili ni lako. Asubuhi unafungua, jioni unafunga." Ulifurahi ukalifungua na kulifunga mara ishirini siku hiyo, mpaka mama yako akapiga kelele.

Vioo nilivielekeza magharibi. Mtu mwenye akili angejiuliza jua linatua wapi. Mimi nilijiuliza njia ya sokoni inapita wapi. Paa niliezeka kwa madebe yaliyonyooshwa, na kuta nilizikandika udongo mpaka hata sisimizi akakosa ufa. Jioni jua likipiga vile vioo, banda lilimeremeta hadi ng'ambo ya mto. Watu walikuja kutazama. Mmoja aliniambia, "Wewe, hii nyumba ya kuku imeshinda yangu, nitahamia hapa," na nikalala na maneno hayo wiki nzima.

Kuku wakaletwa, kumi na wawili. Unakumbuka. Kuna mmoja mwenye kidole kilichopinda uliyekuwa ukimsalimu kila asubuhi kama mtu mzima.

Kisha paka mwitu akaanza kuja. Ule ubao wako ulikuwa umelegea kwa sababu tairi huvutika, na alfajiri moja nilimkuta ameingiza mguu. Hakupata kitu, lakini nilijua atarudi. Na siku iliyofuata ndiyo bwana shamba alikuwa anakuja, pamoja na chifu na wazee wengine, kuangalia matuta yetu na kuangalia banda. Nilitaka wakute dirisha limenyooka, si limeinama upande mmoja. Kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo ya wageni, kabla hujaamka, nilipiga misumari miwili kwenye ubao, juu na chini. Sikuipiga ikazama. Niliacha vichwa nje ili niing'oe nikirudi. Mlango niliutia kufuli langu la jeshi na ufunguo nikautia mfukoni. Mama yako alikuwa amekwenda kwao. Nilikuita nikakuambia, "Usiguse kitu mpaka nirudi. Nitarudi saa nne na wageni." Ukaitikia, "Ee, Tata."

Saa nne nilikuwa nimeketi sokoni nikinywa chai. Gari la bwana shamba lilikwama mtoni, tukangoja. Lilipofika, chifu akasema lazima wageni wale kwanza. Saa sita nilikuwa bado hapo. Saa nane nilikuwa bado hapo. Unataka kujua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasimulia madirisha. Nilichora banda mezani kwa kidole kilicholowa chai. Nilisimulia Mtito Andei na kifaru, watu wakacheka, nikasimulia mara ya pili. Jua lilikuwa la mwezi wa kumi, lile la kabla ya mvua, na mimi niliona tu kwamba ni siku nzuri ya kutembeza wageni.

Tulifika jua limeanza kuinama. Nilipotokea kwenye mgomba nikaona vioo vina ukungu kwa ndani, na chini ya kioo kuna kitu chekundu kimebanana. Nilielewa pale pale. Niliwaambia wageni watazame matuta kwanza, nikakimbia kuzunguka nyuma, nikang'oa misumari yote miwili kwa ncha ya panga nikaitia mfukoni mwa koti. Nakuapia, nilikuwa sijawaza lolote bado. Mkono ulitangulia.

Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni. Wote walikuwa wamelaliana chini ya vioo, midomo wazi. Wageni wakasimama nyuma yangu. Bwana shamba akasema, "Pole sana, mzee. Hawa wamekosa hewa. Hakuna dirisha la kufungua?" Chifu alinitazama. Wale wazee walinitazama. Mmoja wao alikuwa yule aliyesema atahamia.

Na mimi nikageuka nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa umesimama kando ya ghala, mikono nyuma. Nikasema kwa sauti ya kijeshi, "Ni nani aliyepewa kazi ya kufungua dirisha hili?"

Nimeishi na jibu lako miaka kumi. Ulinitazama usoni, si kwa woga, ukasema, "Ni mimi, Tata. Nilisahau."

Basi nikakubali. Ndiyo dhambi yenyewe, haina ufundi. Mtoto alinipa mlango wa kutokea nikapita. Nilitikisa kichwa nikawaambia wageni, "Mnaona? Watoto!" Nao wakasema ndivyo watoto walivyo, wakanipa mkono.

Ningeweza kuishia hapo, yakawa ni ya siku moja. Lakini uongo ukishatamkwa mbele ya chifu unataka kulishwa. Nililazimika kuonekana nimekasirika, kwa hiyo nikakasirika. Nilisema mtoto msahaulifu hana haja ya shule, akachunge mbuzi kwanza apate akili. Ukakaa nyumbani mwaka mzima. Mdogo wako Kioko, niliyemwacha tumboni nilipokwenda vitani, akaenda na ubao wako wa kuandikia, akautia alama zake. Wajomba zako walikupa jina, wakawa wakikuita Nimesahau, hata kwenye harusi, na mimi nilicheka pamoja nao. Nilicheka, Mwaitu. Wewe una jina la mama yangu, tangu ulipozaliwa nakuita Mwaitu, yaani mama, na nilikaa pale nikacheka.

Nilijitetea moyoni kwa njia moja. Nilisema, huyu ni mtoto, anaamini kweli alisahau. Inamuuma, lakini watoto hupona. Siri ni yangu, mzigo ni wangu. Kuna jioni nyingi nilitaka kukuambia nikaishia kukuuliza kama mbuzi wamekunywa maji.

Kisha ukaanza kunitisha. Mwaka juzi shule yenu iliniandikia barua kukusifu. Taa ya bwenini ilikuwa imevunjwa, wasichana wote wamenyamaza, wewe peke yako ukasimama ukasema ni mimi. Mwalimu aliandika kwamba una ukweli usio wa kawaida. Mimi nilijua siku hiyo ulikuwa hapa nyumbani, mama yako alikuwa na homa, ulirudi shuleni kesho yake. Sikumjibu yule mwalimu. Ningemwambia nini? Kwamba kazi hiyo nilikufundisha mimi?

Na sasa unakwenda mahali ambapo watu hufa. Atakufa mtu kitandani usiku uko zamu, kwa kosa la mkubwa fulani aliyekuwa anakunywa chai, na huyo mkubwa atageuka atafute kwa macho. Najua atamwona nani. Najua utasema nini. Nimelijua hili tangu barua ya kukuita ilipokuja, nikala ng'ombe wa furaha na majirani, na sikuona la kufanya. Hata sasa silioni. Siwezi kupanda basi na wewe. Siwezi kusimama mlangoni mwa wodi niwaambie wale watu, huyu akisema ni yeye msimwamini.

Nilikuwa nimekata shauri nikuache uende hivyo hivyo. Lakini leo mlipotoka, nilipindua sanduku lako nikakuta mchwa wamekula ubao wa chini. Nikatafuta ubao mkavu wa kuweka kiraka. Nikakumbuka ule wa dirisha lako, bado unaning'inia kule bandani tunakoweka majembe. Nikazikata zile bawaba za tairi, nikauleta hapa mlangoni penye mwanga, nikaugeuza ule upande wa nje.

Ndinda, kuna mikwaruzo. Kila tundu la msumari limezungukwa na mikwaruzo, mingi, mingine imeingia ndani ya mbao. Si ya paka mwitu, paka mwitu hana subira hiyo. Ni ya kisu. Pale chini, ubao umechongwa kabisa pande zote za msumari, kama mtu aliyejaribu kuufukua, na kuna mahali kisu kiliteleza kikachora mstari mrefu hadi pembeni.

Nikakumbuka ulivyosimama mikono nyuma. Nikakumbuka kwamba wiki ile ulikuwa umefungwa kitambaa kiganjani, na mama yako aliniambia umejikata ukimenya viazi.

Kwa hiyo ulijua. Uliona vichwa vya misumari, ulijua ni nani peke yake mwenye misumari katika nyumba hii. Ulihangaika mchana kutwa peke yako na kisu cha jikoni, na kuku wako wanapiga vioo kwa mabawa upande wa pili. Kisha ukanisikia nikiuliza ni nani, ukaniangalia, ukaona mtu mzima ameshikwa na aibu mbele za watu, ukamhurumia. Ulikuwa na miaka tisa. Miaka kumi nimejiona ndiye niliyebeba siri hii peke yangu, kumbe ni wewe uliyenibeba mimi.

Nimekaa na ule ubao mapajani mpaka kivuli cha nyumba kimefika kwenye ghala. "Nisamehe" nimeliandika nikalifuta, kwa sababu nakujua, utasamehe kabla sijamaliza kuandika, na huo ndio ugonjwa wenyewe. Usinisamehe upesi. Nenda na hasira kidogo. Itakusaidia kule.

Nilijiuliza jambo moja tu, na naona haya kuliandika: kwa nini hakuvunja kioo? Jiwe moja tu, wote wangepona. Mawe yamejaa hapo nje. Nikachukua nyundo nikaenda hadi bandani. Vile vioo bado vipo, unajua, vumbi tu. Nikasimama mbele ya kile cha kulia nikainua nyundo. Ndani hakuna kuku, kuna majembe mawili na gunia. Mimi ni mtu niliyepigana vita. Mkono ulikataa. Nikaikumbuka ile njia yote na blanketi, nikaishusha nyundo. Basi nikapata jibu langu. Kama mimi mwenyewe siwezi, mtoto niliyemfundisha kupita mbali na vile vioo angewezaje?

Kiraka nimeshakiweka, lakini si cha ubao ule. Nimetumia mlango wa kabati. Ubao wako nimeuegemeza kwenye ukuta wa banda, chini ya dirisha lake. Barua hii naitia ndani ya kiatu chako kipya cha kulia, ili uipate kesho asubuhi kabla ya kutoka, maana najua kwa mdomo nitashindwa. Nitakunywa chai, nitasema hali ya hewa ni nzuri, nitauliza kama tikiti unayo. Ukiniona hivyo usidhani nimesahau.

Basi linapita saa mbili. Kabla ya hapo nitakuwa mbele ya nyumba, nafunga sanduku kwa kamba, na mama yako atakuwa jikoni. Ukimaliza kusoma, kama una moyo huo, pita nyuma hadi bandani. Juu ya ule ubao nimekuwekea jiwe, limekaa vizuri mkononi, nimelijaribu. Kama huna moyo huo, liache, nami nitabeba sanduku hadi barabarani bila kukuuliza neno.

Lakini nikisikia kioo kinavunjika huko nyuma, Mwaitu, nitaendelea kufunga kamba, na safari hii sitauliza ni nani.

Ni mimi, baba yako.